Uso wa shangazi ulienda wapi? Historia fupi ya mwanga nyuma ya picha

Chukua albamu ya nyumbani, zile za zamani zenye kurasa za gundi na plastiki juu yake, utafute picha ya harusi ya miaka ya themanini au tisini. Ninaweza kukueleza utakachokiona hata kabla hujaifungua. Bibi harusi kavaa shela jeupe, limetoka vizuri mpaka unaweza kuhesabu maua yake. Keki imetoka. Pazia la ukumbini limetoka. Uso wa bibi harusi sasa: giza tupu, na katikati ya giza kuna kipande kimoja kinachong'aa kwenye paji la uso kama kimepakwa mafuta.

Kwetu ipo moja ya shangazi yangu. Nilipokuwa mtoto niliuliza mbona uso wake hauonekani, nikajibiwa kirahisi tu: "Shangazi yako mweusi, na ngozi nyeusi haitoki vizuri kwenye picha." Nikaamini. Nadhani na wewe umeshawahi kuambiwa, au umewahi kusema mwenyewe, tena kwa utani wakati wa kupiga picha ya pamoja: "Wewe sogea kwenye taa, tusije tukaona meno tu."

Makala hii inaichukua sentensi hiyo na kuipima. Je, ni fizikia inayosema hivyo, au ni watu? Ili kujibu itabidi twende nyuma ya picha chache maarufu na kuuliza swali ambalo watazamaji wengi hawaulizi: mpiga picha alisimama na chombo gani mkononi, na mwanga aliutoa wapi?

Kwanza, jinsi ya kusoma mwanga kwenye picha

Huhitaji kuwa mpiga picha ili kujua mwanga wa picha ulitoka wapi. Angalia vitu vitatu.

Cha kwanza ni macho. Kwenye mboni ya jicho la mtu aliyepigwa picha huwa kuna doa jeupe. Doa hilo ni taswira ya chanzo cha mwanga chenyewe, kama kwenye kioo kidogo cha mviringo. Ukiona doa la mraba, ni dirisha. Ukiona nukta ndogo katikati kabisa ya jicho, ni flashi iliyokaa juu ya kamera. Ukiona eneo pana juu ya jicho, ni anga.

Cha pili ni ukingo wa kivuli. Chanzo kidogo cha mwanga hutoa kivuli chenye ukingo mkali, kama wa kisu. Chanzo kikubwa, mfano anga lenye mawingu, hutoa kivuli kinachofifia polepole. Na hapa ukubwa unaohesabika ni ule unaoonekana kutoka pale alipo mhusika. Jua ni kubwa mno, lakini kwa kuwa liko mbali sana, kwetu ni chanzo kidogo, ndiyo maana kivuli cha saa sita mchana ni kikali.

Cha tatu ni tofauti kati ya mbele na nyuma. Mwanga unaotoka kwenye kitu kidogo hupungua kwa mraba wa umbali. Aliye mita 3 kutoka kwenye flashi anapata moja ya tisa tu ya mwanga anaopata aliye mita 1. Kwa hiyo ukiona watu wa mbele wameungua kwa weupe na nyuma kuna shimo jeusi, jua flashi ilikuwa karibu na ilikuwa peke yake.

Shika hizo tatu, tunaanza safari.

Sahani iliyoona bluu tu

Picha za mwanzo, tangu Daguerre alipotangaza njia yake Paris mwaka 1839, zilikuwa na njaa kubwa ya mwanga. Mtu alikaa tuli kwa muda mrefu, kichwa kimeshikiliwa kwa nyuma na chuma chenye kishikizo ili asitikisike. Wengi hudhani watu wa kale walikuwa na hasira sana kwa jinsi wanavyotukodolea macho. Sababu mojawapo ni hiyo tu: jaribu wewe kutabasamu bila kutikisika kwa nusu dakika.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni, ambapo kioo kinapakwa dawa na kutumika kikiwa bado kibichi. Hiyo ndiyo iliyotawala kwa takriban miaka 30, na ndiyo iliyosambaa bandarini duniani kote, ikiwemo Unguja, ambako familia ya Gomes, Wagoa, walifungua mojawapo ya studio za mwanzo katika pwani yetu. Studio za wakati huo zilijengwa na paa au ukuta wa kioo, kwa sababu taa ya umeme ilikuwa haijafika. Jua ndilo lilikuwa kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote: kikikataa kuwaka, hakuna kazi siku hiyo.

Sasa hapa kuna jambo la kisayansi linalogusa swali letu moja kwa moja. Sahani ya kolodioni haikuona rangi zote. Iliona bluu, zambarau na mionzi isiyoonekana iliyo juu ya zambarau. Nyekundu kwake ilikuwa sawa na giza. Upande wa pili kuna melanini, ile rangi ya asili kwenye ngozi zetu. Melanini hufyonza bluu nyingi na kuachia nyekundu zaidi irudi. Ndiyo maana ngozi ya maji ya kunde kwa macho ina joto fulani la wekundu na dhahabu.

Weka hayo mawili pamoja. Kitu ambacho ngozi nyeusi inarudisha kwa wingi ndicho ambacho sahani haikioni, na kitu ambacho sahani inakiona ndicho ambacho ngozi inakifyonza. Matokeo yake ni kwamba picha za karne ya 19 zinaonyesha watu weusi wakiwa weusi kuliko walivyokuwa mbele ya macho ya mtu yeyote aliyesimama pale. Tatizo hili halikuwa la Waafrika pekee. Mzungu mwenye madoa ya jua usoni alitoka kama amerushiwa tope, na anga la bluu lilitoka jeupe pe. Ila kwa Mwafrika, kosa la kemia liligeuka kuwa ushahidi. Picha hizo zilichapwa kwenye kadi za posta na vitabu vya wasafiri, na msomaji wa London au Berlin akaamini anachokiona.

Ufumbuzi ulianza mwaka 1873, Mjerumani Hermann Vogel alipogundua kwamba ukiongeza rangi fulani kwenye dawa ya sahani, inaanza kuona kijani. Ilichukua mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 kupata sahani na filamu zinazoona rangi zote mpaka nyekundu. Kwa hiyo kama picha ya babu wa babu yako ina uso uliozama gizani, usiseme alikuwa hivyo. Sema sahani ilikuwa kipofu wa rangi.

Unga unaolipuka

Twende New York, mwaka 1887. Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark, anafanya kazi ya uandishi wa habari za polisi. Kila usiku anapita kwenye vyumba vya maskini ambako watu wanalala wamebanana kama dagaa. Anaandika, watu wanasoma, wanageuza ukurasa. Anataka kuwaonyesha, lakini vyumba hivyo havina hata dirisha. Utapigaje picha mahali ambapo jua halijawahi kuingia?

Watu walishajaribu kabla yake. Miaka ya 1860 Nadar aliingiza taa za umeme za betri kwenye mahandaki ya mifupa chini ya Paris. Picha moja ilimchukua hadi dakika 18, na kwa kuwa hakuna binadamu wa kukaa tuli muda wote huo, alitumia midoli iliyovalishwa nguo. Mwaka 1865 Charles Piazzi Smyth alichoma utepe wa magnesi ndani ya piramidi kubwa ya Giza kule Misri. Magnesi ikiungua hutoa mwanga mweupe mkali wenye bluu nyingi, chakula hasa cha sahani za wakati ule.

Mwaka huo wa 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesi na klorati ya potasiamu. Kemia yake si ngumu. Magnesi peke yake inasubiri oksijeni ya hewani, kwa hiyo inaungua taratibu. Klorati ya potasiamu inabeba oksijeni yake ndani, na ikipata moto inaimwaga yote kwa mpigo. Badala ya kuungua, mchanganyiko unalipuka. Mwanga wa sekunde nyingi unabanwa kwenye kitambo kifupi, kisha wingu la moshi mweupe, ambao ni oksidi ya magnesi, linajaa chumbani.

Riis alisoma habari hiyo gazetini na hakukaa. Yeye na wenzake wachache waliingia vyumbani usiku. Mwanzoni walitumia kifaa kama bastola, unaweka risasi yenye unga na kufyatua. Fikiria mwenyewe: umelala, mlango unafunguliwa, wanaume wanaingia na bastola, mwanga unalipuka. Watu walikimbilia madirishani. Baadaye Riis akaacha bastola na kuuwasha unga kwenye kikaango, akiona hicho kinatisha kidogo. Kwa maelezo yake mwenyewe alichoma nyumba moto mara mbili, na mara moja akajichoma yeye.

Angalia sasa picha yake ya wapangaji wa mtaa wa Bayard, ile inayojulikana kwa jina "Five Cents a Spot", yaani senti tano kwa nafasi ya kulala. Tumia zile hatua tatu. Vivuli vina ukingo wa kisu. Vilivyo karibu vimeungua kwa weupe. Nyuso zinaonyesha watu waliotoka usingizini sekunde hiyo hiyo, macho hayajui yaangalie wapi. Hakuna aliyejiweka sawa, hakuna aliyekubali.

Kitabu cha Riis kilitoka mwaka 1890 na kilisaidia kubadilisha mambo. Theodore Roosevelt, alipokuwa mkuu wa bodi ya polisi ya jiji hilo, alifunga vyumba vichafu vya kulala vilivyokuwa kwenye vituo vya polisi. Lakini usisahau upande wa pili. Mwanga wa Riis ulikuwa wa kuvamia. Uliwaonyesha maskini kwa wengine, haukuwapa wao picha ya kupeleka nyumbani.

Ua wa nyumba Bamako

Sasa tuvuke bahari. Ni mwaka 1948, Bamako, mji mkuu wa Mali ya leo, wakati huo ikiwa chini ya Wafaransa. Seydou Keïta anafungua studio nyumbani kwake mtaa wa Bamako-Coura, karibu na gereza kuu. Alianza maisha kama fundi seremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa, na seremala akapotea.

Vyombo vyake ungevicheka ukilinganisha na vilivyokuwepo Paris miaka hiyo hiyo. Kamera ya mbao ya miguu mitatu inayotumia filamu ya sentimita 13 kwa 18. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi, anaangalia kioo cha nyuma ambako mteja anaonekana miguu juu kichwa chini. Hakuna mashine ya kukuza picha. Negativu inalazwa juu ya karatasi, inapigwa mwanga, na picha inatoka ukubwa ule ule wa filamu. Pazia la nyuma la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe, lenye nyuzi za kuning'inia. Mapazia aliyabadilisha kila baada ya miaka michache, na hiyo imekuwa bahati kwa wanahistoria, kwani leo tarehe za picha zake zinakadiriwa kwa kuangalia ni pazia gani liko nyuma.

Na taa? Jua la uani, bure. Usiku alitumia umeme, lakini kazi yake inayojulikana zaidi ni ya mwanga wa mchana. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mteja. Hebu fikiria hapo: wewe na mimi tunapiga selfi kumi na tano kutafuta moja. Yeye alikuwa na nafasi moja, na mteja alishavaa nguo zake nzuri kuliko zote. Asiye na nguo nzuri aliazima hapo hapo studio: suti, saa, kalamu, redio, hata pikipiki ya Vespa na gari aina ya Peugeot.

Tafuta picha yoyote ya Keïta uangalie ngozi. Mashavu yana umbo. Utaona mahali ambapo mfupa unainuka na mahali unaposhuka. Kitambaa cheupe cha kichwani kina mikunjo yake, na uso mweusi chini yake una kila kitu. Shela la shangazi na uso wa shangazi ndani ya picha moja, vyote vipo! Aliwezaje?

Hapa turudi kwenye fizikia. Mwanga ukifika kwenye ngozi unagawanyika. Sehemu ndogo, kiasi cha asilimia 4 hadi 5, unadunda juu juu kama kwenye kioo bila kujali rangi ya ngozi. Sehemu kubwa inaingia ndani, inatawanyika, melanini inafyonza kiasi, na kinachobaki kinarudi nje. Kwa ngozi nyeupe kinachorudi kutoka ndani ni kingi, kwa hiyo ule mng'ao wa juu hauonekani sana, umezama kwenye weupe. Kwa ngozi nyeusi kinachorudi kutoka ndani ni kidogo, kwa hiyo mng'ao wa juu ndio unaochora uso.

Matokeo yake ni makubwa. Kwa ngozi nyeusi, umbo la chanzo cha mwanga ni muhimu kuliko nguvu yake. Ukitumia flashi ndogo iliyokaa juu ya kamera, mng'ao unakuwa doa moja dogo lenye kuchoma, pale pale kwenye paji la uso, na sehemu nyingine yote inabaki giza. Ukitumia chanzo kipana, mfano anga zima kwenye kivuli cha uani, mng'ao unatandazwa kwenye shavu, pua, bega, unafuata umbo lote kama mkono unavyopapasa. Keïta hakuandika milinganyo, lakini miaka ya kazi ilimfundisha mahali pa kumweka mteja na namna ya kumgeuza uso. Aliyafanya hayo kwa filamu ya kawaida ya dukani, isiyotengenezwa kwa ajili ya Bamako.

Na hakuwa peke yake. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi vya Wazanzibari wakapita hapo. Studio za namna hiyo zilijaa kuanzia Dakar mpaka Mombasa. Ujuzi ulikuwepo, ila haukuandikwa kwenye vitabu vya kiwandani.

Utaona dalili ya dharau hiyo hata baadaye. Picha za Keïta zilipoonyeshwa New York mwaka 1991 hazikuwa na jina lake. Ziliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mtu mwenyewe alikuwa hai Bamako, amestaafu. Baadaye alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake Paris.

Kadi ya Shirley

Ikiwa seremala wa Bamako aliweza mwaka 1950, kwa nini studio ya mjini ilishindwa kwa shangazi zaidi ya miaka 30 baadaye?

Jibu lina sehemu mbili, na zote zinahusu neno "wastani".

Ya kwanza ni kamera. Kipima mwanga hakijui kinaangalia nini. Kinadhani kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, kinatoa kijivu kinachoakisi kama asilimia 18 ya mwanga. Shela jeupe linaakisi zaidi ya asilimia 80. Likijaa kwenye picha, kipimo kinasema "mwanga umezidi" na kupunguza. Shela linaokolewa, uso unazama. Ngozi nyeupe sana, inayoakisi karibu mara mbili ya kile kijivu, inavumilia kosa hilo. Ngozi nyeusi iko chini ya kijivu tayari, haina pa kushukia.

Ya pili ni maabara. Filamu ya rangi haikuishia kwenye kamera. Ilipelekwa kusafishwa, na mashine ya kuchapa ilitakiwa kusawazishwa. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walisambaza kwa maabara kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ambayo mafundi waliizoea kwa jina la Shirley, jina la mmoja wa wanawake wa mwanzo kupigwa. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke sawa. Shirley akitoka sawa, mashine iko sawa, na sasa pitisha picha za watu wote. Nani alikuwa anaangalia kama shangazi katoka sawa? Hakuna kadi yake.

Na si mashine tu. Filamu ya rangi ina tabaka za kemikali, na kiwanda kinachagua zitofautishe vipi kahawia na kahawia. Kwa maelezo ya waliofanya kazi Kodak, msukumo mkubwa wa kuboresha kahawia haukutoka kwa wazazi waliolalamika kwamba kwenye picha za shule mtoto mweusi haonekani. Ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao matangazo yao hayakuonyesha tofauti ya chokoleti ya maziwa na nyeusi, au ya mbao moja na nyingine. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Wengine walikuwa wameshakataa mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengeneza filamu Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji, inasimuliwa kwamba aligoma kutumia filamu ya Kodak na kuiita ya kibaguzi.

Mwanga wa kipande

Labda unajiuliza, sawa, ni picha tu, kuna hasara gani? Basi tuingie Afrika Kusini.

Chini ya ubaguzi wa rangi, kila Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alilazimika kutembea na kitabu cha pasi chenye picha yake. Ukikutwa bila hicho, jela. Kenya ya kikoloni ilikuwa na ndugu yake, kipande, kilichobebwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, ila chenyewe kilitegemea alama za vidole.

Kampuni ya Polaroid ya Marekani ilitengeneza kamera ya vitambulisho iliyoitwa ID-2. Ilikuwa na lenzi mbili, picha ilitoka ndani ya dakika chache, na nyuma ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Ukiielewa fizikia ya hapo juu unajua kitufe kama hicho kinaweza kufanya nini kwa uso mweusi: kinaupandisha mpaka usomeke, bila umbo, bila kivuli, wa kutambulika tu.

Oktoba 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid, Caroline Hunter aliyekuwa mkemia na Ken Williams mpiga picha, walikuta hapo kazini kwao sampuli ya kitambulisho cha Afrika Kusini. Wakaanza kuuliza. Wakaunda vuguvugu la wafanyakazi na kuitaka kampuni iondoke kule. Wote wawili walipoteza kazi. Kampuni ilijaribu kwanza kubaki kwa masharti, lakini mwaka 1977 ilipofichuka kwamba wakala wake anaiuzia serikali kwa siri, ikakata biashara hiyo.

Ona ajabu hiyo. Teknolojia ilipotakiwa kuupendezesha uso mweusi, ilikuwa haiwezekani, ngozi haitoki. Ilipotakiwa kuukamata uso huo huo, mwanga ulipatikana kwa kubonyeza kitufe.

Turudi kwenye albamu

Kwa hiyo ile sentensi niliyoambiwa utotoni ina ukweli kiasi gani? Fizikia inasema ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo zaidi, na inaurudisha kwa namna tofauti. Basi, imeishia hapo. Haisemi uso hauwezi kutoka. Maneno "haitoki vizuri" yalitoka kwa watu waliochagua Shirley awe kipimo, na sisi tukayabeba mpaka majumbani kama vile ni sheria ya asili.

Mchezo haujaisha. Simu yako nayo inaamua wastani, kwa programu iliyofundishwa kwa picha za watu. Mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6 waliitangaza kwa uwezo wake wa kupiga ngozi nyeusi kwa usahihi. Ni jambo jema, lakini pia ni kukiri kwamba zilizotangulia zilikuwa na kasoro. Usisubiri simu mpya. Ukimpiga mtu mweusi picha, zima flashi, mtoe kwenye jua la moja kwa moja, mweke kwenye kivuli cha baraza akielekea uwanda wa wazi ili anga limwangaze. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, usiguse shela, na kama nguo itaungua kidogo, iache iungue.

Mwaka jana tukipanga makabati nyumbani nilikuta bahasha ya studio yenye negativu za harusi ya shangazi. Niliinua moja dirishani. Kwenye negativu mambo yamegeuzwa: shela ni jeusi tii, uso ni mwangavu. Niliichanganua kwa kifaa cha kuazima, nikaacha shela liungue na kuufuata uso peke yake.

Uso ulikuwepo. Si kamili, una chembechembe, lakini macho yapo, na kumbe siku ile alikuwa anacheka. Miaka yote tulidhani alikuwa amenuna! Mwanga ulikuwa umeshafika kwenye filamu tangu siku ya harusi. Uliishia kwenye mashine ya kuchapa, iliyosawazishwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nilimpelekea nakala. Aliitazama kwa muda, akasema, "Hee, kumbe nilikuwa mzuri hivi," kisha akaniuliza kama na zile za mume wake zinaweza kusafishwa upya.

Nenda kaulize nyumbani kwenu bahasha za negativu ziko wapi, kabla hazijatupwa.